Rangi ifayo polepole, verini ifayo ghafla

Na Mwandishi Wetu, Kigali

Magari mawili yameegeshwa ubavu kwa ubavu katika gereji ya uwazi chini ya kilima cha Gisozi, upande wa njia iendayo Gatsata. Moja ni Corolla ya buluu iliyokolea, yenye chembechembe zinazometameta jua likiipiga. Jingine ni HiAce nyeupe, aina ile ambayo Wanyarwanda waliipa jina la "twegerane", yaani tubanane.

Kwa umri Corolla ndiyo changa, ila ukiyatazama yote mawili utaapa kuwa ni kinyume. Boneti yake na paa vimebabuka. Ukipitisha kucha, utando mwembamba kama ganda la kitunguu unainuka na kupeperuka. Chini yake buluu imebaki kavu, imefifia, kama ubao wa shule uliofutwa vibaya. Twegerane, iliyokwisha kubeba watu, mihogo, magodoro na pengine mbuzi, inang'aa kiasi cha mtu kujitazama ndevu.

Mwenye Corolla amekasirika. Alilipa gari zima lipakwe upya miaka michache tu iliyopita, tena kwa rangi aliyoambiwa ni ya kisasa, yenye verini juu. Fundi hamjibu kwa maneno. Anaokota kitambaa cheusi, anakitia polishi kidogo, anasugua mlango wa twegerane. Kitambaa kinatoka na weupe, kama kilichopangusa chaki. Anachukua kingine, cheupe, anasugua mlango wa Corolla pale ambapo bado ni pazima. Kinatoka na vumbi la Kigali, basi. Buluu haipo.

Somo limekwisha. Kwenye twegerane, unachokisugua ni rangi yenyewe. Kwenye Corolla unasugua kitu kingine kilichokaa juu ya rangi, na kitu hicho ndicho kilichokufa.

(Fundi aliyeipaka Corolla hayupo, bila shaka. Katika kuzunguka kwangu kwenye gereji sijawahi kukutana na fundi aliyefanya ile kazi mbaya. Daima ni mwingine, na daima amehama.)

Neno la maseremala

Mtu akitaja Gisozi, wengi hukumbuka kwanza ukumbusho wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, uliofunguliwa hapo Aprili 2004. Kisha hukumbuka samani. Agakiriro ka Gisozi ndiko Kigali inakokwenda kununua vitanda, makabati, milango na mageti, na harufu ya mbao, gundi na thina hukupokea kabla hujaliona duka la kwanza.

Huko verini ni neno la kila siku. Limetoka Kifaransa, likaingia kwa mlango wa seremala, na mafundi wa magari wakaliazima. Lugha ya gereji za Kigali ilikuwa mchanganyiko wa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili muda mrefu kabla Kiswahili hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Dar es Salaam na Nairobi wangesema klia. Ni kitu kilekile: utomvu mwangavu usio na rangi, unaopulizwa juu ya rangi ili uikinge na uipe mng'ao.

Seremala anajua jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui. Mlango uliopakwa verini ukikaa ndani ya nyumba, utadumu hadi wajukuu. Uweke nje ukitazama machweo, verini itapasuka, itainuka vipandevipande, na hakuna kiraka kitakachoificha aibu hiyo. Dirisha lililo jirani yake, lililopakwa rangi ya mafuta ya kawaida, litachujuka na kutoa unga ukiligusa, lakini litachujuka kwa usawa, mwaka baada ya mwaka, huku likikuonya.

> Gari ni mlango ulioachwa nje maisha yake yote

Kutoka brashi hadi tabaka mbili

Mwanzoni mwa karne ya 20 gari lilipakwa kama mkokoteni wa farasi. Brashi, kusubiri, msasa, brashi tena. Kazi ilikula wiki kadhaa. Kisha kampuni ya DuPont ya Marekani ikatoa Duco, rangi ya nitroselulosi inayokauka upesi, na General Motors wakaipuliza kwenye magari yao ya Oakland ya mwaka 1924. Wiki zikageuka siku. Baadaye zikaja rangi za kuokwa kwenye tanuri, kisha za akriliki, kisha zile za kuchanganywa na hadina, yaani dawa ya kugandishia, ambazo hukauka kwa kemia badala ya kungoja thina iruke hewani.

Hizo zote zilianza kama rangi za tabaka moja, kwa maana kwamba rangi, gundi inayoishika na mng'ao vilikuwa ndani ya kopo moja. Ukipuliza mara moja au mara nne, bado ni kitu kimoja kutoka juu hadi chini.

Metaliki ndiyo iliyoleta shida. Mmeto wake ni vipande vidogo mno vya alumini, na vikiachwa wazi, hewa, mvua na uchafu huvila hadi vikawa rangi ya jivu. Ikabidi vifunikwe. Utaratibu wa kupuliza rangi nyembamba kwanza na verini juu yake ukaenea viwanda vya Ulaya katika miaka ya 1970, na muongo uliofuata ukashika kwingineko. Leo karibu kila gari la metaliki au la rangi ya lulu limepakwa hivyo. Nyeupe tupu ndiyo iliyobaki nyuma: magari mengi ya kazi, HiAce zikiwamo, yameendelea kutoka kiwandani bila verini.

Unene wa vitu hivi unashangaza kwa uchache wake. Rangi yote ya kiwandani, kutoka kwenye bati hadi juu, huwa kati ya maikroni 100 na 150. Verini peke yake ni 40 au 50 hivi. Unywele wa mtu una kama maikroni 70. Kinachokinga gari la mamilioni ya faranga, basi, ni chembamba kuliko unywele.

Wanaoitetea verini

Wana hoja, tena nzito. Kwanza, hakuna metaliki ya kudumu pasipo verini. Anayetaka buluu inayometa, fedha au kijivu cha risasi hana njia nyingine. Pili, verini nzuri imetiwa dawa za kumeza miale mikali ya jua kabla haijaifikia rangi. Rangi nyekundu ya tabaka moja isiyotunzwa hugeuka waridi. Ileile, chini ya verini nzuri, hubaki nyekundu.

Tatu ni usahihishaji. Vumbi likianguka kwenye verini ikiwa mbichi, au ikitoka na mabonde kama ganda la chungwa, fundi anaisugua kwa maji na msasa laini wa namba 1500 au 2000, kisha anaipiga polishi, na rangi ya chini haiguswi. Ukijaribu hivyo kwenye metaliki ya tabaka moja, unakata vichwa vya chembe na kubaki na madoa.

Na ipo hoja ambayo haisemwi sana: verini inauza. Gari lililotoka kupulizwa verini lina kina, kama bakuli la maji. Mwenye kutaka kuliuza mwezi ujao hajali litakuwaje baada ya misimu mitatu ya mvua. Baadhi ya hizo rangi "za kisasa" zilipakwa kwa ajili ya picha za tangazo.

Wanaoitetea tabaka moja

Hawa ni madereva wa kazi na wenye malori, na mafundi wa zamani waliochoka kulaumiwa. Hoja yao ni kwamba rangi ya tabaka moja, ile ya kuchanganywa na hadina, hufa polepole na mbele ya macho. Kwanza inapoteza mng'ao. Kisha inatoa unga. Wakati huo wote inaokoleka: ukiisugua kwa polishi unaondoa ngozi iliyokufa na chini yake kuna rangi mbichi. Ndivyo twegerane ile ilivyofika hapa ikiwa na sura yake.

Ina urahisi mwingine. Mlango ukikwaruzwa na bodaboda, unapakwa mlango, na nyeupe kwa nyeupe haileti ubishi mkubwa. Metaliki inadai fundi apulize rangi hadi kwenye paneli ya jirani, aififishe taratibu, kisha azivishe verini paneli zote mbili, la sivyo mlango mmoja utaonekana wa gari lingine. Kazi ni ndefu, vifaa ni vingi, na kila hatua ni nafasi ya kukosea.

Hapa lazima nitenganishe vitu viwili ambavyo wauzaji hupenda kuviunganisha. Rangi ya tabaka moja yenye hadina siyo ile ya nitroselulosi ya bei ya chini, ambayo hukauka kwa thina peke yake. Hiyo ya pili inang'aa wiki ya kwanza na kuyeyuka ikimwagikiwa petroli wakati wa kujaza tangi. Ukiipuliza Aprili, masika yakiwa yamekolea, thina inaruka upesi, bati linapoa, unyevu wa hewa unagandamana juu yake na rangi inaota ukungu mweupe. Wengi wanaodai tabaka moja haifai walipakiwa hiyo.

> Wengi wanaoilaumu rangi ya tabaka moja walipakiwa ya kukaushwa kwa thina tu

Jua la mita 1,500

Kigali iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba miale mikali ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Hewa ni ya baridi na upepo ni mwanana, hivyo mtu hasikii kwamba anaungua. Gari nalo halisemi.

Dawa iliyomo kwenye verini haikai milele. Inatumika, kama sabuni. Verini ya bei nafuu inayo kidogo, na ikiisha miale inapita hadi kwenye mpaka kati ya verini na rangi, na hapo ndipo mshikamano unapovunjika. Mabaka huanzia kwenye boneti, paa na kifuniko cha buti, sehemu zinazotazama mbingu, wakati milango bado mizima. Ramani hiyo ya ugonjwa utaiona kwenye magari ya mji mzima ukisimama dakika 10 kwenye taa za barabarani.

Ongeza vumbi jekundu la kiangazi, Juni hadi Agosti. Ongeza kinyesi cha ndege, ambacho kikiokwa na jua huchimba verini na kuacha alama. Halafu kuna kuosha. Chini ya Gisozi kuna Kinamba, na jina hilo lina ukoo na "ikinamba", neno la Kinyarwanda la mahali pa kuoshea magari. Sponji ikianguka chini ikaokotwa na mchanga wake, inachora duara ndogondogo ambazo kwenye verini juu ya rangi nyeusi zinaonekana kama utando wa buibui. Kwenye nyeupe ya tabaka moja zipo vilevile, ila nani atakayeziona?

Somo la nyeupe 040

Ningeishia hapo, mashabiki wa tabaka moja wangeondoka wakishangilia. Lakini ipo kesi inayowaharibia sherehe.

Toyota ina rangi nyeupe yenye namba 040, iliyosambaa sana duniani, na ina nyingine ya lulu, 070, yenye matabaka zaidi. Mwaka 2019 tawi lake la Marekani lilitangaza mpango wa kupaka upya baadhi ya magari ya rangi hizo mbili, kwa sababu rangi ilikuwa ikibanduka mapande mapande hadi bati likaonekana. Baadaye Australia nayo ikafuata kwa magari ya 040.

Maelezo ya kampuni yenyewe yalielekeza kidole chini kabisa: jua la muda mrefu lilipenya rangi ya juu na kudhoofisha mshikamano kati ya tabaka la kwanza la kiwandani na chuma. Siyo verini, siyo kukosekana kwa verini. Lilioza lile tabaka ambalo hakuna mnunuzi amewahi kuliona. Rwanda inaendesha upande wa kulia wa barabara, na kwa hiyo magari yake ya mitumba hutoka zaidi Ghuba, Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuliko Japani. Mwenye gari jeupe la Marekani asome kibandiko cha namba ya rangi kwenye nguzo ya mlango kabla hajamlaumu fundi wake.

Pesa inapojificha

Na kwenye tabaka hilo lisiloonekana ndiko ugomvi wa gereji unakolazimika kurudi. Mteja anapunguza bei, fundi anakubali, na kila mmoja anadhani amemshinda mwenzake. Bei iliyopungua lazima itoke mahali. Haiwezi kutoka kwenye rangi ya juu, maana mteja ataiona jioni ileile. Inatoka kwenye praima, ile rangi ya chini, inayopakwa pale tu penye masitike ya kuzibia mabonde. Inatoka kwenye msasa: bati la zamani linapanguswa harakaharaka na kupulizwa likiwa bado laini, lisiwe na pa kushikia. Inatoka kwenye hadina, inayotiwa kwa kukisia. Na zaidi ya yote inatoka kwenye verini, inayoongezwa thina ili lita moja ifanye kazi ya lita mbili, ikapulizwa mara moja badala ya mara mbili.

Gari linaondoka likiwaka. Hakuna jicho linaloweza kutofautisha maikroni 20 na 50. Kipo kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma unene kwa sekunde, na ningependa kukiona kikiwa kitu cha kawaida mikononi mwa wateja kama vilivyo vipimo vya presha ya tairi.

Ndiyo maana, kwa gari jeupe, jekundu la zimamoto au la kazi yoyote lenye rangi isiyo na mmeto, mimi ningeagiza tabaka moja yenye hadina na ile pesa ya verini ningeiweka kwenye praima. Wapo mafundi wazuri watakaonipinga, na kwa fundi mzuri aliye na chumba cha kupulizia, chenye vichujio na joto la nyuzi 60, pingamizi lao ni sahihi. Wengi wetu hatupeleki magari huko. Tunayapeleka chini ya turubai.

Pafu na kiberiti

Chini ya turubai hilo kuna mtu anayepumua. Hadina ya rangi za kisasa, iwe ya tabaka moja au ya verini, ina isosayaneti, kemikali inayojulikana kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya kazini kwa wapuliziaji wa magari. Ubaya wake ni kwamba pua haiwezi kuitegemea harufu yake: ukiinusa, imekwisha kuzidi kiwango. Barakoa ya kitambaa inazuia matone ya rangi, mvuke inaupisha. Anayehitaji kujikinga anahitaji kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira, au angalau chenye vichujio vya kemikali vinavyobadilishwa kwa wakati. Kwenye upulizaji wa wazi niliouona, kilichotumika ni fulana iliyofungwa puani.

Thina nayo ina habari zake. Agakiriro ka Gisozi kamewahi kuungua zaidi ya mara moja, ukiwamo moto wa Agosti 2021. Sisemi chanzo kilikuwa rangi. Nasema tu kwamba mahali penye maranda, gundi, umeme wa kuchomelea na mapipa ya thina, kila kopo lililoachwa wazi lina uzito wake. Kazi ya tabaka mbili inaongeza makopo.

Alasiri

Fundi ameshamweleza mwenye Corolla njia zake. Kiraka hakipo: verini yote ya zamani kwenye boneti na paa lazima isuguliwe iishe, pamoja na ile inayoonekana nzima, kwa sababu nayo imeanza kuachia. Anaweza kurudishiwa buluu ya metaliki na verini mpya, na hapo milango itaonekana mikuukuu. Anaweza kupaka gari zima. Anaweza kuliacha buluu lake na kuchagua buluu tupu isiyo na chembe, ya tabaka moja, kisha aende kubadilisha karatasi za gari kama rangi imegeuka sana.

Mwenye gari anauliza kama buluu ileile yenye chembe haiwezi kupakwa bila verini. Inawezekana kuichanganya, fundi anamjibu, akimwita bosi. Ila mwaka hautapita chembe hazijazimika.

Dereva wa twegerane amemaliza kuipiga polishi. Anakung'uta kitambaa cheusi, anakitupia kwenye dashibodi, anawasha gari na kuteremka kuelekea Kinamba. Vumbi linatua juu ya boneti ya Corolla. Mwenyewe bado amesimama pale pale, hajapatana bei, na ukucha wake umeanza kuchokonoa ganda jingine karibu na kioo.